Amana ya Lubaba

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Yemen palikuwa na mwanamke mchamungu, jina lake Lubaba binti Sabiri, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mumewe Dhirari alimpa talaka moja mbele ya wageni kwa sababu mchuzi ulizidi chumvi. Chumvi, jamani! Lakini talaka ni talaka, hata ikitamkwa na mpumbavu.

Kama sharia inavyotaka, Lubaba alikaa eda katika nyumba ile ile ya mumewe. Dhirari hakuwa na haki ya kumtoa, ila ulimi wake haukupumzika. Kila akipita mlangoni pake humwambia, "Usijidanganye. Eda ikikaribia kwisha nitakurejea, nikukomoe vizuri." Mwanamke wa watu akawa anangoja atoharike mara tatu ili awe huru. Usiku na mchana hakuomba kingine.

Hedhi haikuja. Ukapita mwezi, ukapita wa pili, akaanza kuchefuka kwa harufu ya samli. Hapo akajua ana mimba, na mwenye mimba eda yake haiishi mpaka ajifungue. Akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mama yake alipokuja kumtazama, alifunga mlango, akamnong'oneza: "Mwanangu, sema umeshatoharika mara tatu. Jambo hilo sharia imelitia mkononi mwako, nani atakukagua? Binamu yako wa Taizi yuko tayari kukuoa kesho. Ukijifungua mapema, watoto wa miezi saba hawakuanza leo."

"Na mtoto nimpe baba asiye wake, mama?"

"Baba yake ndiye huyu anayekutukana?"

Lubaba alimchukia Dhirari, tena alimchukia kwa haki.

Siku ya kwenda kwa kadhi kuthibitisha mwisho wa eda ikafika. Kadhi akamuuliza, "Binti Sabiri, eda yako imekwisha?" Mama yake akamkazia macho. Neno moja tu lingemtoa katika nyumba ile.

"Haijesha," akasema. "Nina mimba, na ni ya huyu."

Dhirari akacheka. "Basi shuhudieni, nimemrejea!"

Kadhi akakunja uso. "Dhirari, mwenzio amesema kweli na angeweza kuificha. Lililomo tumboni alilijua yeye na Mola wake. Lililomo moyoni mwako nawe unalijua wewe na Mola wako. Unamrejea kwa wema, au kwa kumdhuru?"

"Kwa wema," akajibu, na uso haukumbadilika.

Alisema uongo, na kila aliyekuwapo alijua. Lakini kadhi huhukumu kwa yanayodhihiri, hapasui kifua cha mtu. Lubaba akarudishwa.

Akamzaa Nuumani, akamlea kwa machungu, na matusi hayakukoma. Miaka ikapita, Dhirari akapooza, na marafiki wa mchuzi wote wakamkimbia. Kijana yule ndiye aliyekuwa akimbeba na kumwosha. Siku moja, kijana alipotoka kuteka maji, mzee akamtazama mkewe kwa jicho la shaka, akasema: "Niambie kweli, nakaribia kufa. Huyu ni mwanangu?"

Lubaba akaendelea kumlisha uji.

"Baba Nuumani," akasema, "ningekuwa mwongo, nisingekuwa humu."

Enyi waumini, msiniulize alilipwa nini hapa duniani, sikuona alicholipwa. Yeye aliulizwa na kadhi akasema kweli. Mumewe aliulizwa na kadhi yule yule, siku ile ile. Nawe unayemrejea mke ili kumkomoa, wewe ndiye ninayekusomea kisa hiki. Swali lile utaulizwa tena, na huko kifua hupasuliwa.