Kifaru na Amri ya Bwawa

Paukwa!

— Pakawa!

Ah, mnaitika kama watu waliokula kiporo cha juzi. Paukwa!

— PAKAWA!

Sasa ndiyo. Pakawa kiangazi, kiangazi kikakaa kama mgeni asiyejua kuaga, mito ikabaki mchanga mtupu. Nitawaongopea kidogo na nitawaambia kweli kidogo. Kila mtu achague chake.

Katika nchi hiyo kulibaki bwawa moja tu lenye maji, na mwenye bwawa alikuwa Mfalme Kiboko. Alilala humo tangu asubuhi hadi jioni, tumbo ndani, pua nje, akikoroma mpaka matete yanatikisika. Akatoa amri: "Maji haya ni ya kupoza mgongo wangu. Asisogee mtu, asichote mtu." Na kazi ya kuilinda amri ile akampa Jemadari Kifaru.

Jamani, Kifaru! Siku aliyozaliwa alipigwa na radi, na aliyeugua ni radi. Mkuki ukimgusa ngozi, unapinda kama unyasi. Akiruka, anavuka kilima bila kugusa kichaka. Masikio yake yalimsikia chungu akikohoa ng'ambo ya bonde. Na juu ya hayo yote alivaa joho jekundu alilopewa na mfalme, likipepea hata pasipo upepo. Moto wa nyika ulipozuka, ni yeye aliyeukanyaga, di! di! di!, mpaka moto wenyewe ukaomba radhi. Hakuna aliyemchukia. Alikuwa na moyo mwema kabisa, ila ufunguo wake alikuwa amemwachia mfalme.

Jirani na bwawa, chini ya mawe, aliishi Bi Pimbi na watoto wake. Kitindamimba wake alikuwa amefika pabaya: ulimi mkavu, macho yameingia ndani, akilia sauti haitoki. Bi Pimbi akambeba mgongoni, akaenda bwawani.

"Hodi, Jemadari."

"Karibu, mama. Ila simama hapo hapo."

"Mwanangu anakufa kwa kiu, baba. Nigawie japo tone."

Kifaru akainama, akamtazama mtoto. Machozi yakamlengalenga, yakadondoka, puu! puu!, kila moja kama yai la kanga. Mtoto akalamba moja, akakunja uso kwa chumvi.

"Naumia sana, mama," akasema Kifaru. "Hujui tu ninavyoumia. Pengine naumia kuliko huyo mtoto. Lakini amri ni amri."

"Na mfalme akikuamuru umpige pembe mama yako mzazi?"

Kifaru akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, hakupenda kujibu ovyo.

"Nitamwomba radhi kwanza," akasema.

Bi Pimbi akasonya kimoyomoyo, akarudi kwake. Akachimbua kiazi kitamu, cha mwisho alichokuwa nacho, akampelekea. Kifaru akakasirika mpaka joho likasimama wima. "Rushwa? Mimi? Ondoa!" Bi Pimbi akazungukia nyuma ya matete, akanyata, nya, nya, nya. "Nakusikia, Bi Pimbi," sauti ikasema bila hata kugeuka. "Mguu wa kushoto unauburuta." Basi huruma haikufaa, hongo haikufaa, kunyata hakukufaa. Bi Pimbi akageuka kwenda zake.

"Mama," Kifaru akamwita. Akaangalia huku, akaangalia huko, akashusha sauti. "Kabla hujaenda. Hivi, ile siku ya moto, watu wanasemaje?"

"Kuhusu moto?"

"Kuhusu mimi."

Lo! Bi Pimbi akasimama. Alikuwa amezunguka ngome nzima akitafuta ufa, kumbe mlango uko wazi, na mwenye nyumba ndiye anayekaribisha.

Akatoka mbio hadi kwa Kanga na dada zake. Akatoka hapo mbio hadi kwa Kobe. "Leo kuna ngoma," akawaambia. "Kanga, leteni sauti. Kobe, lete gamba lako tulipige. Na kila mtu aje na kibuyu."

"Ngoma ya nini, na watu wana kiu?" akauliza Kobe.

"Ndiyo maana, kaka. Ndiyo maana."

Sasa, desturi mnaijua. Mtu akiimbwa jina lake ngomani, hutuza. Atoe kuku, atoe leso, atoe alichonacho, mbele ya macho ya watu. Asiyetuza huitwa mkono wa birika, na jina hilo humfuata mpaka kaburini, wajukuu wakalirithi. Wanyama wa nchi ile nao walikuwa na desturi hiyo hiyo, tena kali kuliko yetu.

Wakaja mpaka mbele ya bwawa. Hawakusogea hatua zaidi ya waliyoruhusiwa. Gamba la Kobe likalia, kiti-kiti-kiti, na Bi Pimbi akaanzisha:

"Nani kaukanyaga moto?"

"Kifaru!"

"Nani kamlaza radi?"

"Kifaru!"

"Nguzo ya nchi ni nani?"

"Kifaru, Kifaru, baba wa mashujaa!"

Kifaru akajikaza. Akatazama mbele, kidevu juu, kama askari. Lakini mkia ukamsaliti, ukaanza kucheza, tiku, tiku. Mara sikio. Mara goti. Bi Pimbi akaja mbele yake akicheza kwa madaha, akapiga magoti, akakinga kibuyu. Ngoma ikanyamaza. Macho yote kwa Kifaru.

Kifaru akababaika. Askari hana mali! Akatazama kushoto, akatazama kulia, akavua joho lake jekundu akalitua juu ya kibuyu. Vigelegele! Akadhani yamekwisha, akashusha pumzi.

Kiti-kiti-kiti! "Nani kaukanyaga moto?" Na kibuyu cha pili hicho hapo.

"Sina kitu tena, mama," akanong'ona. Jasho lilimtoka. "Vyote ninavyovilinda ni vya mfalme."

"Pole, baba," akasema Bi Pimbi, kwa sauti ya kufika mlimani. "Basi watu watasema Jemadari ni mkono wa birika. Na aibu ya askari ni aibu ya nani?"

"Ya mfalme wake," akasema Kifaru.

"Kwa hiyo watamsema..."

"Usimalize!" akapiga kelele Kifaru. Mfalme atukanwe hadharani, tena kwa sababu yake? Hilo hakuliweza. Utiifu wote uliokuwa mwilini mwake ukamchemka. Akawaza haraka, na kuwaza haraka hakukuwa kazi aliyoizoea. Amri inakataza watu kusogea na kuchota. Hawa hawajasogea. Hawajachota. Na shujaa kutuza, amri haijasema lolote! Akakinyakua kibuyu, akakizamisha, chubwi!, akakirudisha kimejaa.

Bi Pimbi hakungoja vigelegele. Akamtilia mwanawe maji mdomoni. Gida, gida, gida. Mtoto akapumua. Akanywa tena. Halafu akafungua kinywa akalia, kilio kikubwa cha kuudhi, chenye sauti na machozi yake. Bi Pimbi naye akalia, akamkumbatia, maana hakutarajia kukisikia tena kilio kile.

Ngoma ikaendelea. "Nani kaukanyaga moto?" Chubwi! "Nani kamlaza radi?" Chubwi! Ngiri akaja na kibuyu, Nungunungu akaja na kibuyu, na Kifaru anatuza tu, sasa anacheza waziwazi, anazungusha kiuno ambacho hakikuumbwa kuzungushwa. Maji yakashuka. Yakashuka. Mgongo wa Mfalme Kiboko ukabaki juani, ukaanza kuwaka, naye akaamka.

"Mgongo wangu! Nani kachota maji yangu?"

Ngoma ikafa papo hapo. Kobe akaingia ndani ya gamba lake. Bi Pimbi akamfunika mwanawe kwa lile joho, kwa sababu alijua Kifaru akiamriwa kuwageuzia pembe, hakuna jiwe la kuwaficha.

Kifaru hakuwahi kusema uongo maishani mwake, na hakuanza siku ile. "Ni mimi, ewe mfalme," akasema.

Kiboko alikuwa na maji masikioni na usingizi kichwani. "Sitaki kujua ni nani!" akanguruma. "Jemadari! Mkamate huyo mwizi sasa hivi, mfukuze nchini mwangu, na asirudi tena, hata akiitwa na nani!"

Kifaru akapiga saluti. "Amri ni amri."

Akajishika sikio, akalisokota. "Twende, mhalifu we!" akajikemea.

"Naenda, naenda, usinivute," akajijibu.

Akajipiga konzi kwa kujibizana na askari. Akajisukuma, akajiburuta, vumbi likatimka.

"Jemadari, unakwenda wapi?" akauliza Bi Pimbi, hata hofu ameisahau.

"Kaa mbali, mama! Huyu ni mtu hatari. Ameiba maji ya mfalme!"

Na kwa mruko mmoja akavuka kilima.

Wanyama wakamtazama Kiboko. Kiboko akawatazama wanyama, akaona ni wengi kuliko alivyokuwa akidhani. Ngiri akatia mguu majini, akaangalia kama kuna atakayemkemea, akatia na wa pili.

"Kifaru!" akalia mfalme. "Kifaru wangu! Rudi unilinde!"

Ng'ambo ya bonde, Kifaru akasikia. Angekosaje kusikia? Akasimama. Machozi yakamdondoka, puu! puu! "Naumia sana, mfalme wangu," akasema. "Lakini ulisema nisirudi, hata nikiitwa na nani." Akajishika sikio upya, akajifukuza mpaka nchi ya pili.

Kiboko angefanya nini? Akasogea kando, akabana tumbo, watu wakachota mpaka mvua zikaja. Bi Pimbi akalifanya joho kuwa tandiko la mwanawe, na kila akilikung'uta alimkumbuka mwenyewe, akamhurumia kwelikweli. "Mtu mwema kiasi kile," alikuwa akisema. "Angeutumia moyo wake siku moja tu, tungemwimbia bure."

Ngano yangu imefika ukingoni, imevua viatu, imeingia kulala.

Funzo? Funzo lipo, kaeni vizuri. Watiini wakubwa bila kuuliza. Mmeona wenyewe Kifaru alivyofika mbali. Na sifa ni upepo tu. Mtu mzima mwenye akili timamu hatoi hata punje kwa sababu ya kusifiwa. Mimi hapa nina muhogo wangu wa kuchoma, na hakuna ulimi duniani utakaonifanya niumege.

— Bibi, nchi nzima hakuna anayesimulia kama wewe!

Mh. Nani kasema hivyo? Sogea, mwanangu, sogea. Shika, uwamegee na wenzako.