Nungunungu na Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitikia kama walionyimwa ukoko? Watoto nimewasikia. Ninyi wakubwa huko nyuma, mnaojifanya mmekuja kuwasindikiza watoto, nanyi itikieni. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakioana kwa kamati na kamera, palikuwa na harusi. Harusi ya Tumu, binti Kobe. Ngoma zikapigwa, ndi ndi ndi. Biriani ikapikwa. Wakaja wenye mabawa, wakaja wenye kwato, wakaja na wasioalikwa, kina Fisi, na hao ndio waliowahi viti vya mbele.

Mmoja tu hakuwepo. Bibi Kobe, bibi yake bi arusi. Huyu ndiye aliyemlea Tumu tangu alipoanguliwa. Nyumbani kwake ni ng'ambo ya mto, na alianza safari siku ile ile posa ilipopokelewa. Akatembea, akatembea, akatembea. Alipofika, masufuria yalikuwa yanasuguliwa na bi arusi ameshakwenda kwa mumewe, mbali.

Bibi Kobe hakulia. Aliuliza kama video ilipigwa. Wakamwambia imepigwa. Akasema basi ataingoja aione, ila mvua zisimkute huku. Mto ukijaa haupitiki msimu mzima, na yeye kwa umri wake hataki kufia kwenye nyumba za watu.

Sasa video yenyewe ilikuwa mikononi mwa Nungunungu. Kupiga picha anajua, kuzikata na kuziunga anajua. Lakini kompyuta yake kuukuu ilikuwa imekata roho wiki ya harusi, na shimo lake halina hata umeme. Ndipo akajitokeza Tausi, mwenyekiti wa kamati. Mnamjua mwenyekiti wa kamati? Ni yule ambaye harusi si yake lakini picha zote yumo. Tausi akasema atamsindikiza dukani, na kompyuta itakaa sebuleni kwake, palipo na zulia na makochi. Siku ya kuvunja kamati wageni wote watakuja kuitazama video pale pale.

Wakaenda dukani kwa Mbweha. Mbweha akawaonyesha kompyuta mbili.

Ya kwanza sanduku. Jeusi, zito, limesimama kama debe la mafuta. Kioo chake mbali, spika zake mbali, nyaya zinatoka kila upande. Mbweha akaliwasha. Vuuuuu! Feni zikanguruma mpaka vumbi likahama dukani. Akaeleza kwamba hili lina mlango ubavuni. Likiumwa unalifungua, unatoa kilichooza, unatia kizima. Kazi ya video ni kazi ya moto, na hili linajua kupumua.

Ya pili yote ndani. Kioo chembamba, cheupe ukingoni, kimesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Ubongo uko nyuma ya kioo, spika ziko ndani ya kioo, waya mmoja tu. Ikawashwa. Kimya. Rangi zikatoka nzuri mno, hata Nungunungu akakiri moyoni kwamba hajapata kuona nyekundu ya namna ile.

Msimcheke Nungunungu. Alilisogelea lile sanduku kulichungulia, na alipogeuka tu, nyaya zote zikamnasa mibani. Akavuta kioo, akavuta spika, akavuta na kikombe cha chai cha Mbweha. Ikabidi wamnasue mwiba kwa mwiba. Mwenye miba afanye nini na nyaya nyingi? Ile ya waya mmoja ilimvutia, na ana haki.

Ila aliuliza swali moja. "Na hii ya yote ndani, ikiumwa?"

Mbweha alimtazama Nungunungu, akamtazama Tausi, akajua mwenye kuamua ni nani. Akasema, "Chombo kizuri hakiumwi."

Tausi hakusikia swali wala jibu. Alikuwa amesimama mbele ya ile nyeupe, amefungua mkia, anajitazama. "Hii," akasema. "Lile jingine niliweke sebuleni kwangu, wageni waseme nimefungua mashine ya kusaga?"

Wakaichukua nyeupe. Ikawekwa sebuleni, katikati. Na tuseme kweli, ilifanya kazi. Nungunungu alikaa mbele yake asubuhi mpaka jioni. Anakata, kwachu. Anaunga, kwachu. Anamwondoa Fisi kwenye biriani, kwachu, Fisi anarudi kwenye keki. Kadi za kamera alikwisha kuzifuta, kwa kuwa zilihitajika kwenye harusi nyingine. Picha zote zikawa mle ndani. Yote ndani, kama jina lake.

Bibi Kobe akawa anakaa pembeni kwenye mkeka, anamtazama. Haombi kuonyeshwa. Alisema ataiona ikiiva, nyama haionjwi mbichi. Mikono yake haikutulia lakini. Alikuwa anashona kitambaa cha uzi mweupe, maua pembeni, pindo la mawimbi. Mnavijua, vile vya kufunika redio na televisheni, kila kochi na chake. Kilipokwisha akainuka polepole, akakitandaza juu ya kompyuta, nyuma kikaning'inia mpaka mezani.

"Chombo kizuri hakikai uchi," akasema.

Sasa kule nyuma, chini ya yale maua, ndiko yalikokuwa matundu ya kupumulia. Na Nungunungu alikuwa amefika kwenye kazi ya mwisho, ile ya kuipika video nzima iwe moja, kazi ambayo hata jiko lingelalamika. Kompyuta ikaanza kupata joto. Akaigusa, moto. Akainua mkono akiondoe kitambaa. Akamwona Bibi Kobe amejaa furaha, shingo imetoka nje yote, anakitazama kitambaa chake.

Ungefanyaje wewe? Kitambaa cha bibi kinaondolewa mbele ya bibi? Nungunungu akaushusha mkono. Akasema, "Ahsante, Bibi, kimependeza." Akaendelea na kazi.

Kompyuta ikapumua kwa shida, hii, hii, hii. Ikatoa harufu ya ugali ulioungua. Kisha, puu. Kioo kikawa cheusi.

Akaitwa Kigogota, fundi. Akagonga mbele, ko ko ko. Akagonga nyuma, ko ko ko. Akasema ubongo umeungua, ila diski yenye picha inaelekea ni nzima. Lingekuwa sanduku angefungua mlango akaitoa, wakanywa chai. Hii imegandishwa kwa gundi pande zote. Njia ya kuifikia ni moja, kuvunja kioo.

Tausi akapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaitikia. Kioo hakivunjwi. Wageni wa kuvunja kamati watakuja watazame nini?

"Hata kikiwa kizima," akasema Kigogota, "watatazama nini?"

Tausi akaitisha kikao. Kamati ikakaa, ikanywa soda, ikaahirisha. Ikakaa tena, ikaunda kamati ndogo ya kioo. Kati ya kikao na kikao Tausi alirudi mbele ya kompyuta, na kwa kweli hakuwa na huzuni sana, kwa sababu kioo kikiwa cheusi alijiona vizuri zaidi.

Wingu likapanda. Radi ikalia kule mtoni. Bibi Kobe akafunga kifurushi chake. Akaingia kwenye kikao, wote wakainuka kwa adabu wakamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba moja ya wote. Akasema anaondoka. Video imeshindikana, si neno, mambo ya vyombo. Basi wamsimulie tu. Mjukuu wake alikuwaje?

Tausi akasema siku ile alifungua mkia mara tu kamera ilipomgeukia, na ulitoka vizuri. Pundamilia akasema yeye alijipanga upande wa kushoto, kwa kuwa kushoto ndiko anakopendeza. Fisi alikumbuka biriani. Wengine walisema wao hawakuangalia sana, si kulikuwa na video? Wangekuja kuona baadaye.

Bibi Kobe alirudisha shingo ndani. Kwa mara ya kwanza tangu afike, aliumia, na kila mtu aliona.

Nungunungu akavumilia, akashindwa. Alikuwa na aibu ya kitambaa mpaka kwenye ncha za miba. Akapiga magoti.

"Bibi, mimi nilimwona. Alipoulizwa kama amekubali, hakujibu. Aligeuza shingo akatazama mlangoni. Wakamwuliza tena, akatazama mlangoni tena. Watu wakadhani anaona haya."

"Alikuwa ananitafuta?"

"Alikuwa anakutafuta wewe, Bibi."

Matone ya kwanza yakaanza kudondoka, ta, ta, ta. Bibi Kobe alitazama njia ya mtoni. Akakitua kifurushi chini.

"Nataka kumwona," akasema. "Mto na ujae."

Nungunungu hakungoja kamati ndogo. Alikwenda jikoni, akachukua mchi, akarudi sebuleni. Paa! Kioo kikatawanyika kwenye zulia. Tausi akazimia, akachungulia kama kuna anayemtazama, akazimia tena. Kigogota akaingiza mdomo katikati ya vipande, akachomoa diski.

Wakakimbia kwa Mbweha na mvua yao. Lile sanduku lilikuwa bado lipo, hakuna aliyelitaka, Mbweha alikuwa analitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Akawaachia. Wakaliweka jikoni kwa jirani, chini ya meza, nyaya wakazishika wengine ili zisimnase Nungunungu. Vuuuuu! Likanguruma kutwa nzima, bila aibu, na hakuna aliyefikiria kulishonea kitambaa.

Jioni video ikaiva. Wanyama wakajazana mlangoni. Mto ulikwisha kujaa, na Bibi Kobe alikwisha kujua kwamba haendi nyumbani msimu huu, na pengine haendi tena. Aliketi mbele, karibu na kioo, shingo imenyooka yote.

Tumu akatokea. Akaulizwa kama amekubali. Akageuza shingo, akatazama mlangoni.

Bibi Kobe akaweka mkono juu ya kioo.

"Nipo njiani, mwanangu," akasema. "Jibu tu, nipo njiani."

Na Tumu akajibu.

Basi wenzangu, chombo cha kazi huchaguliwa kwa kazi yake, si kwa macho ya wageni. Na ukiona kitu kinaungua, sema, hata kama aliyekifunika ni mkubwa wako. Heshima ya kunyamaza imeunguza mengi.

Hadithi yangu inakomea hapo. Aliyesinzia amwulize jirani yake.