Dagaa wa Ziwani na Pua ya Fisi

Mwaka ule mvua ilipita juu ya nchi ya Ziwani bila kuteremka, kama mgeni asiyewapenda wenyeji. Ikaenda kushukia Mlimani, upande wa pili wa korongo, ambako hawakuwa na shida nayo. Ziwani mtama ukakauka kabla ya kutoa masuke. Wanyama wa huko wakala akiba, wakaimaliza. Wakala mbegu, wakazimaliza nazo. Kisha wakabaki wakitazamana. Kitu pekee walichokuwa nacho kwa wingi ni dagaa, kwa kuwa ziwa lilikuwa limepungua mpaka dagaa wakawa wanachotwa kwa ungo.

Mlimani nako mtama ulijaa maghalani, ila kitoweo hakikuwapo. Asubuhi walikula ugali, na jioni wakala ugali kwa ugali. Mfalme wao, Simba, hakulalamika, kwa sababu Simba halalamiki, lakini mbavu zake zilianza kuonekana na hakuna aliyethubutu kuzitazama.

Basi Kiboko, mfalme wa Ziwani, ambaye huamka kwa jambo kubwa tu, aliamka. Akakutana na Simba kwenye daraja la gogo baina ya nchi zao, wakapatana kwamba Ziwani walete dagaa na Mlimani watoe mtama, gunia kwa gunia, bila ushuru.

"Ila neno moja," alisema Simba. "Tumbo langu si la kupokea kila kinachokuja. Mzigo ukaguliwe darajani. Chema kipite, kibovu kiteketezwe."

"Sawa," alisema Kiboko, ambaye alikuwa ameanza kusinzia tena.

Kazi ya ukaguzi akapewa Fisi wa Mlimani, kwa ajili ya pua yake. Kwa upande wa pua, uteuzi ule haukuwa na kasoro. Fisi aliweza kunusa mfupa uliofukiwa na babu yake. Hakuna aliyeuliza pua ile ilikuwa ikimfanyia kazi nani.

Upande wa Ziwani, biashara ilikabidhiwa Sungura, kwa kuwa wazo lilikuwa lake, na mwenye wazo ndiye hubebeshwa mzigo. Akaja na msafara wa kwanza, akautua darajani. Fisi akaingiza pua katika gunia moja, akafumba macho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Wananuka," alisema.

"Ni dagaa, Bwana Fisi," alisema Sungura. "Dagaa hunuka."

"Sheria haikutaja dagaa. Sheria imetaja kibovu. Kinachonuka ni kibovu."

"Hata wewe unanuka."

"Mimi sipelekwi kuliwa," alisema Fisi, akaamuru magunia yashushwe korongoni yakateketezwe. Akayateketeza peke yake, kwa kujitolea, asimsumbue mtu.

Msafara wa pili ukapata hukumu ileile. Safari hii Sungura alichungulia korongoni wakati wa kurudi. Majani ya chini yalikuwa mabichi, hakukuwa na jivu wala kipande cha mkaa. Kilichokuwapo ni magunia matupu, yamekunjwa vizuri, na Fisi amelala juu yake akiwa amenenepa kuliko hali ya nchi ilivyoruhusu. Sungura aliumia moyo, akatamani kupiga kelele. Lakini kelele za mgeni nchi ya watu hazifiki mbali, naye alilijua hilo. Akaenda zake.

Fisi naye akaenda kwa Simba. "Mtukufu, wanakuletea sumu. Mara mbili sasa. Nadhani wanakudharau."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomwingia Simba. "Wakileta mbovu mara ya tatu," alisema, "gogo la daraja litupwe korongoni, na kila nchi ijilie ilicho nacho."

Habari zilipofika Ziwani, dagaa wa ziwani nao walikuwa wamekwisha, limebaki gunia moja tu la wakavu, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki. Mvua ilikuwa njiani, na nchi nzima haikuwa na hata punje moja ya kupanda. Mvua ikikuta mashamba hayana mbegu, njaa ingekaa mwaka mwingine.

Mke wa Sungura, Bi Chaurembo, alifunga gunia lile kwa mikono yake. Alikuwa amewanyima wanawe dagaa hao, na usiku wanawe walikuwa wakilamba mwiko mkavu. Akachota dagaa wachache, akawafunga kwenye pindo la kanga kuukuu, akampa mumewe.

"Hawa ni masurufu yako, Baba Watoto. Gunia usiliguse."

"Sitaligusa."

"Na usirudi na maneno. Maneno tunayo hapa."

Sungura alipofika darajani alimkuta Simba mwenyewe amekaa upande wa pili, amekuja kusimamia kutupwa kwa gogo. Nyuma yake walisimama raia wa Mlimani, na mbele yao Kobe, mganga wa nchi ile, ambaye alikuwa ameondoka nyumbani jana yake ili awahi.

Fisi alinusa gunia. Mate yalimtoka, akayapangusa. "Sumu," alisema. "Sumu kali kuliko zote zilizotangulia."

Raia wakaguna. Sungura hakubisha. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyeshindwa, akasema, "Sisi hatuna pua kama yako, Bwana Fisi, huenda hatukujua. Tufundishe ili tusijiue wenyewe. Mtu akiila sumu hii hupatwa na nini?"

Fisi hakuwahi kuombwa kufundisha. Akatunisha kifua. "Kwanza tumbo. Tumbo linavimba."

"Linavimba sana?"

"Linakuwa kama ngoma."

"Halafu nadhani anapata usingizi," alisema Sungura, "hata jua likiwa kichwani."

"Usingizi mzito! Umesema kweli."

"Na nimesikia mwingine hucheka ovyo, pasipo jambo la kuchekesha."

"Hucheka, hucheka, kisha anakufa," alisema Fisi, akifurahi kuona hata mwenye mzigo anamuunga mkono.

Kobe alikuwa akisikiliza kwa makini. "Dawa yake ninayo," alisema polepole. "Mwarobaini. Kibuyu asubuhi, kibuyu jioni, mpaka mwezi mwingine uandame. Na mgonjwa asile kitu."

"Vema kujua," alisema Simba. "Fisi, kateketeze hiyo sumu. Ukirudi, gogo litupwe."

Fisi alilibeba gunia kwa uangalifu ambao mtu hawi nao kwa kitu anachokwenda kukichoma. Sungura alilitazama likitokomea korongoni. Humo mlikuwa na shamba lake, na shamba la jirani yake, na la kila mtu aliyemjua. Ikiwa amekosea hesabu, hakuna atakayempokea nyumbani, na hata yeye asingewalaumu.

Walisubiri. Jua likapanda utosini. Fisi hakurudi.

"Mtukufu," alisema Sungura, "mimi nina wasiwasi. Mtumishi wako yuko peke yake na sumu kali. Hata kuishika tu si hatari?"

Simba hakuwa amelifikiria hilo, na hakutaka ionekane hivyo. "Nilikuwa karibu kusema hayo hayo," alisema.

Wakashuka korongoni. Fisi alikuwa amelala chali kivulini, gunia tupu chini ya kichwa chake. Tumbo lilikuwa kama ngoma. Mkia wa dagaa ulichungulia katikati ya meno yake. Alipofumbua macho akamwona mfalme amesimama juu yake, alicheka, kwa kuwa fisi akishikwa na hofu hucheka.

"Tumbo," alisema Kobe. "Usingizi. Kicheko."

"Au ni mwizi," alisema Simba, na sauti yake ilitikisa majani.

"Hasha, Mtukufu!" alidakia Sungura, aliyetaka Fisi aungame kwa kinywa chake mwenyewe kwamba dagaa si sumu. "Mtumishi uliyemchagua wewe mwenyewe aibe? Haiwezekani. Bila shaka alionja kidogo ili kuhakikisha, akazidiwa. Bwana Fisi, sema mwenyewe. Wewe ni mwizi au u mgonjwa?"

Fisi alitazama kucha za Simba. "Mgonjwa," alisema. "Naumwa sana."

Basi akabebwa kwa machela mpaka barazani kwa mfalme, akalazwa. Kobe akamnywesha kibuyu cha kwanza, na uso wa Fisi ukajikunja mpaka macho yakapotea. Kutupwa kwa gogo kukaahirishwa, maana si adabu kuvunja daraja wakati nyumbani kwa watu kuna mgonjwa. Sungura akaomba abaki kumuuguza, kwa kuwa sumu ilitoka kwao. Wote walimsifu kwa utu wake.

Raia walifurika kumjulia hali. "Pole, Bwana Fisi," walisema. "Umejitoa mhanga kwa ajili yetu." Kila mmoja alikuja na sahani ya ugali, na kila sahani Kobe aliipokea kwa shukrani na kuiweka mbali na mgonjwa. Fisi aliitikia kila pole kwa sauti ndogo. Tumbo lake lilipwaya, kisha likalegea, kisha likagusana na mgongo, lakini aliendelea kusema kwamba anaumwa, kwa kuwa upande wa pili wa ugonjwa kulikuwa na Simba.

Sungura alikaa kando ya machela akitazama mashariki. Mawingu yalikuwa yameshuka, meusi, na upepo ulileta harufu ya udongo. Alikuwa amedhani Fisi angesalimu amri mapema. Hakujua kwamba mroho akiwa mwoga hustahimili njaa. Asubuhi moja radi ya kwanza ilipopiga, alitambua kwamba alichobakiwa nacho ni pindo la kanga.

Simba alikuwa amekuja kumtazama mtumishi wake, kwa kuwa mfalme hupaswa. Sungura akasogeza kikaango kwenye makaa, akafungua fundo, akawamimina dagaa wa Bi Chaurembo. Wakaanza kulia kwenye kikaango. Harufu ikatambaa barazani, ikampanda Fisi puani.

Fisi aliinuka kwa kiwiko. "Nipe."

"Hawa ni dagaa wa Ziwani, Bwana Fisi. Ni sumu."

"Si sumu. Nipe mmoja."

"Anaweweseka," alisema Kobe. "Sumu imepanda kichwani. Dawa itabidi ianze upya, na kwa kibuyu kikubwa." Akageuka kwenda kukileta, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile ilionekana kwamba Kobe anakwenda haraka mno.

"Ngoja!" alipiga kelele Fisi. "Mimi si mgonjwa! Mimi ni mwizi! Niliwala wote, wa kwanza, wa pili na wa tatu, na walikuwa watamu! Niiteni mwizi, nifungeni, nipigeni, lakini huyo mzee asinisogelee na kibuyu chake!"

Simba alinyoosha mkono, akachukua dagaa mmoja kikaangoni, akatafuna. Akachukua wa pili. Alitafuna kwa muda mrefu, na ilikuwa wazi kwamba anakumbuka ugali wote aliokuwa ameula mtupu.

"Fungueni ghala," alisema mwishowe. "Kila gunia lililoliwa lilipwe gunia la mtama, na liwe mtama wa mbegu. Na huyu atayabeba."

"Yote?" aliuliza Fisi.

"Tumbo ulilitumia peke yako," alisema Simba. "Mgongo nao ni wako."

Siku ile ile Fisi alivuka daraja, akarudi, akavuka tena, magunia yakimpinda mgongo na tumbo likiwa halina kitu. Alipita katikati ya raia waliokuwa wakimletea ugali. Wakampisha njia, wakatazama kwingine. Upande wa Ziwani Bi Chaurembo alipokea gunia la kwanza, akalifungua, akaingiza mikono yote miwili katika mtama, akalia. Kisha akachukua jembe. Matone ya kwanza yalimkuta shambani, mbegu zikiwa tayari chini.

Fisi alitua gunia la mwisho, akaketi kwenye matope akihema. Alimtazama Sungura kwa macho ya huruma nyingi, huruma yake mwenyewe juu yake mwenyewe.

"Jana kila mtu alikuwa akinipa pole," alisema. "Leo nimechubuka mgongo, nina njaa, mvua inaninyeshea. Hata wewe, uliyeniuguza, huna neno?"

Sungura alikung'uta kanga ya mkewe, akaitupia begani.

"Mwiba wa kujidunga," alisema, "hauambiwi pole."