Maji Hayachemki Kitabuni

Maji hayachemki kitabuni. Mmenisikia nikimwambia mjukuu wangu Nietiwe hivyo asubuhi hii, mkacheka, kisha mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Nietiwe alikuwa amekaa kizingitini akiwasomea mafundisho ya Konfusio, yule mwalimu wa kale wa Uchina, kuhusu wajibu wa mtoto kwa mzazi. Mama yake alimpita mara tatu na debe la mahindi kichwani, na mara zote tatu msomaji wetu alikunja miguu tu ili mama apite. Ndipo niliposema. Sikusema kwa utani, na wala sitasimulia kwa utani.

Methali hii ina mwanzo wake, na mimi nilikuwepo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kiume aitwaye Mbonea. Tuliishi huku huku chini ya milima ya Upare, na kijiji kizima kilikunywa maji ya mfereji uliochimbwa kutoka mlimani. Mwaka huo kilianzishwa kisomo cha watu wazima. Tulisomea kwenye ghala la ushirika, alasiri tatu kwa wiki, tukikalia magunia matupu. Mwalimu wetu aliitwa Senzota, kijana mpole mwenye mwandiko ambao mtu angetamani kuutazama hata kama hajui kusoma.

Kitabu chetu kilikuwa kimoja tu, cha afya. Kila ukurasa ulikuwa na somo lake: choo, sabuni, maji ya kunywa, uji wa mtoto. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Ukurasa nikiusoma mara mbili, ya tatu nasema kwa kichwa huku kitabu kimefungwa, na Mwalimu Senzota anawaambia wengine, "Mwigeni Nakiete."

Wa mwisho alikuwa Nambua, mjane wa makamo, mama wa watoto wanne. Alisoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Lakini si hilo lililomchelewesha. Tulipofika ukurasa wa kumi na mbili, yeye alikuwa bado kwenye wa tatu, wa choo.

"Nambua, huu uliusoma wiki iliyopita," Mwalimu alimwambia.

"Niliusoma, Mwalimu. Sijaumaliza. Shimo limefika kiunoni tu, nimekuta jiwe."

Ghala lilivuma kwa kicheko. Tukampa jina, Mama Ukurasa Mmoja. Tukifika sokoni tunamwuliza, "Ukurasa umeisha?" Baadaye alifika kwenye maji ya kunywa, akakaa hapo karibu mwezi, kwa sababu alikuwa na sufuria moja na ilimbidi atafute ya pili ya kuchemshia maji, na kuni zaidi. Nietiwe ameniambia leo kwamba huyo Konfusio alikuwa na mwanafunzi aliyeogopa kusikia fundisho la pili kabla hajalitenda la kwanza. Sisi hatukumjua. Tulikuwa na Nambua, na tulimcheka.

Mtihani ulipokuja, nilisema ukurasa wa maji bila kukosea hata neno. Nikapewa kanga. Nambua hakufanya mtihani, kwa kuwa hakuwa amemaliza kitabu.

Kisha mvua kubwa zikanyesha, zikabeba uchafu wote wa juu na kuutia mferejini. Kipindupindu kikaingia. Watu kumi na mmoja walikufa katika siku tisa. Mama mzazi wa Mwalimu Senzota alikuwa wa nne. Mbonea wangu alikuwa wa saba. Aliugua asubuhi, akafa kabla ya jua kuzama, na nilimfunika kwa kanga ile ya mtihani kwa sababu ndiyo iliyokuwa mpya.

Nyumbani kwa Nambua hakuugua mtu.

Ugonjwa ulipotulia, afisa elimu alikuja kutoka wilayani na bahasha ya vyeti. Alisema anajua tumefiwa, lakini ratiba ni ratiba. Akamwomba Mwalimu amteue mtu asome ukurasa mmoja, apate cha kuandika kwenye taarifa yake. Mwalimu hakuinua macho. Akasema, "Nakiete, ule wa maji."

Nilisimama. Sijui kwa nini. Mtu akizoea kusifiwa, miguu yake husimama yenyewe. Nikaanza: "Chemsha maji ya kunywa..."

"Nyamaza, Nakiete."

Alikuwa Nambua, amesimama nyuma kabisa.

"Mama, kaa chini," afisa alisema.

"Sikai. Mwalimu Senzota, marehemu mama yako alikuwa anakunywa maji gani?"

"Ya mfereji," alisema.

"Yamechemshwa?"

"Hapana."

"Nakiete. Mtoto wako?"

"Ya mfereji," nilisema.

"Na ukurasa unaujua?"

"Naujua."

"Basi usome. Usome kwa sauti, sote tungoje tuone mvuke. Mnasoma, mnasifiana, mnavikwa kanga, na mitungi yenu ina maji mabichi. Maji hayachemki kitabuni."

Nilimwendea. Watu walidhani nakwenda kumkumbatia. Nilimpiga na kitabu usoni, mara mbili, mpaka jalada likachanika. Hakuinua mkono kujikinga. Damu ilimtoka puani, akaipangusa kwa ncha ya kitambaa chake, akasema taratibu, "Nipige. Na mimi nina deni langu. Mlinicheka, nikakasirika, nikachemsha ya wanangu nikafunga mlango. Ningepita nyumba kwa nyumba, mngenicheka zaidi, lakini labda wawili watatu mngesikia."

Afisa alianza kugawa vyeti, ndipo Mwalimu Senzota akamshika mkono.

"Rudi navyo, bwana. Hawajamaliza kitabu. Hata mimi sijakimaliza."

Afisa aliondoka kwa ghadhabu, na Mwalimu aliandikiwa barua ya onyo. Wiki iliyofuata tulirudi ukurasa wa kwanza. Hatukusomea tena ghalani. Tulisomea nyumba moja moja, na Mwalimu hakufungua ukurasa mwingine mpaka awe amefunua sufuria ya kila mwanafunzi na kuona choo cha kila mwanafunzi. Kitabu kile chembamba kilituchukua miaka miwili. Nambua ndiye aliyetangulia mbele, anagonga milango, ana kovu dogo juu ya pua nililompa mimi.

Msidhani nilipatana naye upesi. Nilimchukia miaka mingi. Kila asubuhi nilipowasha jiko nilisikia sauti yake, nikaibamiza sufuria juu ya mafiga kama ninayempiga mtu. Nilichemsha kwa hasira. Lakini nilichemsha. Mama yake Nietiwe na ndugu zake wote wamekuzwa na maji hayo, na hakuna niliyemzika.

Hata sasa sijui nilimkasirikia Nambua kwa kusema kweli mbele za watu, au kwa kuisema nikiwa nimekwisha kuchelewa. Nilimwomba radhi akiwa mzee, haoni tena vizuri. Aliniambia, "Hasira yako ilikuwa ya haki, Nakiete. Uliielekeza kwangu kwa kuwa nilikuwa karibu."

Siku hizi mnasema maneno yake mtu akijisifu kwa vyeti, mnacheka, mnaendelea na mambo yenu. Mimi siwezi kuyacheka. Yalisemwa mara ya kwanza mbele ya mama aliyekuwa na ukurasa wote kichwani na mtoto mmoja kaburini. Mama huyo ni mimi, na ninawaambia: maji hayachemki kitabuni.