Picha ya Keki na Mkasi wa Perla

Haya, nyamazeni, na anayetafuna ameze. Leo sina sungura wala fisi. Nina watu watatu na picha moja, na mtagombana, nawajua.

Bibi Perla alikuwa Myahudi, naye alinusurika peke yake kwao. Wanazi wa Ujerumani walimuulia ndugu zake wote, wakawachoma, na dada yake Gitla hakumwachia hata picha. Miaka sitini aliutafuta uso ule.

Wauaji nao walipenda kupiga picha. Za mauaji? Thubutu! Za keki, za kinanda, za kucheka. Baba yake mwanamke mmoja, Heidrun, alikuwa mlinzi wa kambi walimofungwa Wayahudi; alizibandika kwenye albamu na chini yake akaandika majina ya wote, hata la mbwa. Alipokufa, kaka zake Heidrun walisema ichomwe. Heidrun akaificha ndani ya koti, akaipeleka makumbusho. Mpaka leo hawamsemeshi.

Pale makumbusho, Anselm, mtunza picha, hakushughulika na wanaocheka. Alihesabu majina, akahesabu vichwa. Kwenye picha moja kichwa kimoja kilizidi. Akainamia lenzi mpaka macho yakamwuma: nyuma ya meza kulikuwa na msichana mwenye sinia, kavaa nguo za wafungwa. Akawaandikia walionusurika.

Perla akaja, Heidrun naye akaitwa. Pichani, msichana alisimama mguu mmoja juu ya mwingine, vilevile alivyosimama nyumbani akiosha vyombo.

"Gitla! Dada'angu!" Akalia bila kujizuia.

Mkuu wa makumbusho akasema, "Aliyemtoa Gitla gizani ndiye ataamua picha ifanywe nini."

Perla akachukua mkasi mezani. "Namtoa hapa. Miaka sitini anawapakulia wauaji wake. Yatosha!"

Anselm akaifunika picha kwa kiganja. "Bibi, nakusihi. Hawa wanaocheka waliapa mahakamani kwamba hawakuwahi kumwona mfungwa. Huu ndio ushahidi. Chukua nakala."

"Nakala baki nayo wewe!"

Heidrun akasema polepole, "Bibi Perla, ukimkata yeye, baba yangu atabaki mtu mwema anayekula keki."

Perla akamtazama. Damu ya mlinzi ilimchukiza, lakini bila mwanamke huyu Gitla angekuwa majivu mara ya pili. Bila Anselm, angebaki doa nyuma ya meza. Na bila Perla mwenyewe, nani angemwita jina lake?

Mkasi u wazi. Haya, nyie wajuaji: kati ya hawa watatu, nani mwenye kauli? Na mkasi ungekuwa mkononi mwako, ungekata?