Ngozi ya Elirehema na Mbwa wa Bibi Namsifu

Ngozi mbichi huita mbwa, haiiti wachezaji. Mmenisikia nikimwambia hivyo mwenzenu anayetaka kupanda jukwaani baada ya mazoezi ya siku tatu. Mmecheka, na sasa mwataka kujua mbwa wameingiaje katika muziki. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji wa Same palikuwa na mpiga ngoma aitwaye Elirehema, mtu wa mkono mwepesi na subira fupi. Alipiga kwenye baa ya Bwana Senzota pamoja na Nakiete, mwimbaji, na Kiangi wa gitaa. Enzi hizo mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Hata wimbo aliotunga Nakiete kumlilia mama yake ulitangazwa kuwa wa Bwana Senzota. Nakiete alipolalamika, akaambiwa akaimbe na sufuria zake.

Siku hiyo hiyo wakaondoka wote watatu.

"Mwezi hauishi mtarudi kuniomba vyombo," Bwana Senzota akawaambia huku akitafuna njugu. "Na nitawapokea, maana nina huruma."

Maneno hayo yalimchoma Elirehema kuliko tusi. Aliapa kwamba hawatarudi.

Bahati ikawaangukia mapema. Bibi Namsifu, mkulima wa mahindi kule bondeni, aliwaalika wapige Jumamosi kwenye sherehe ya kumuaga mjukuu wake anayeolewa. Kiangi alikuwa na gitaa lake kuukuu, ila ngoma hawakuwa nayo. Elirehema akachonga gogo, akachukua ngozi ya mbuzi kwa mchinjaji. Babu yake alikuwa amemfundisha vizuri: paruza mafuta yote, sugua majivu, anika siku saba. Lakini ilikuwa Jumanne! Akaparuza juu juu, majivu akayasahau, akaiwamba ngozi na kuianika siku zilizobaki.

Kiangi akainusa. "Ndugu yangu, mbona hii inanuka supu?"

"Inanuka upya," Elirehema akajibu.

Sasa, Bibi Namsifu alifuga mbwa wanne wa kufukuza ngedere shambani. Jumamosi wimbo wa kwanza ulipoanza, ngoma ikatoa mlio wa unga unaokandwa. Wageni hawakuinuka. Mbwa ndio waliokuja. Wa kwanza, dume la manjano liitwalo Chui, alikaa mbele ya ngoma akimtazama Elirehema kwa heshima kubwa. Kufikia wimbo wa tatu walikuwa saba, na wa majirani wakiwemo. Chui akalamba ngozi, akaionja kwa jino, kisha akaivuta ngoma nzima mpaka kwenye mahindi. Elirehema alimkimbiza akiwa na kiatu kimoja, na wageni wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Bwana Senzota alikuwa miongoni mwao. Akafuta machozi ya kicheko, akasema, "Bibi, harusi yenyewe niachie mimi. Na hawa nawachukua leo leo, gari lipo."

Kiangi tayari alikuwa amelitia gitaa begani, anaangalia gari. Nakiete alikuwa analia kimya kimya. Elirehema akaona aibu, si ya mbwa tena, bali ya wenzake waliomwamini. Akamwendea mwenye shughuli.

"Shikamoo, Bibi. Kosa ni langu peke yangu. Ngozi ilihitaji siku saba, mimi nikaipa nne. Hawa wenzangu hawana hatia."

"Marahaba." Bibi Namsifu akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye ule mguu usio na kiatu. "Mwanangu, ngozi mbichi huita mbwa, haiiti wachezaji. Lakini sauti ya binti huyu nimeipenda. Harusi ni wiki mbili kutoka leo. Mniletee ngoma iliyokauka." Kisha akageuka. "Bwana Senzota, rudi kwenye pilau lako, linapoa."

Kiangi akalishusha gitaa.

Safari hii Elirehema aliparuza ngozi mpya mpaka vidole vikamuuma. Akasugua majivu, akaianika siku saba, naye akaketi kando yake na fimbo kama anayelinda mtama. Alipokwisha kuiwamba, akaiacha ikauke tena.

Siku ya harusi alipoitua ngoma uwanjani, Chui alikuja mbio. Watu wakaanza kucheka mapema. Mbwa akanusa, akazunguka, akanusa tena, akapiga chafya kwa sababu ya majivu. Halafu akaenda kulala kivulini.

Ndipo Elirehema akapiga. Ngoma ikalia, kweli ikalia, na wa kwanza kuinuka alikuwa Bibi Namsifu na mkongojo wake. Bwana Senzota alijikaza kwa nyimbo mbili. Kabla ya wa tatu, Nakiete alisimama akasema, "Huu niliutunga mimi, kwa ajili ya mama yangu." Wakaupiga. Na Bwana Senzota, asiyepata kucheza hata kwenye baa yake mwenyewe, akaweka sahani chini akaingia uwanjani.

Basi nendeni mkamwambie mwenzenu simkatazi jukwaa. Ngozi yake naijua ni nzuri, na ndiyo maana namwambia aianike kwanza. Ngozi mbichi huita mbwa, haiiti wachezaji.