Kitunguu Saumu Kwenye Mkebe wa Ba

Mlango ukipakwa rangi hupendeza, hata kama huko ndani paka amezalia kitandani. Hilo wahenga walilijua wakatuonya mapema. Jignesh hakuwasikia, maana Jignesh alizaliwa kwa ajili ya milango.

Kijana huyo alikuwa mwandishi wa programu katika ofisi moja ndogo ya Ahmedabad, India, iliyoitengenezea tovuti kampuni ya kupeleka chakula cha mchana majumbani. Kurasa zake ziling'aa kama bibi harusi, na vitufe vyake ukivigusa vilicheka. Mkuu wake, Falguni, ndiye aliyezikagua, na tangu ampate Jignesh kichwa chake hakikupoa.

Falguni alikuwa na lake la kuhofia. Mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima wa Paldi humwita Ba, yaani mama, ni Mjaini wa kweli, wa dini isiyokula kinachochimbwa ardhini: kitunguu hali, kitunguu saumu hagusi, kiazi hata kutajwa hataki. Falguni alipoomba kwenda kazini, Ba alimjibu, "Nenda. Nitakula hicho chakula cha kompyuta yenu. Lakini siku saumu itakapoingia kwenye mkebe wangu, utarudi jikoni, na kazi basi." Na neno la Ba halina rufaa.

Ofisini sheria ilikuwa moja: asili haiguswi. Mteja akitaka badiliko, toa nakala ya taarifa zake, changanya badiliko kwenye nakala, ya zamani iache ilivyo. Wateja wote walianzia kwenye taarifa moja ya mfano, isiyo na kitunguu cha aina yoyote. Taarifa hizo zilipangwa kama mikebe: ukifungua mkebe wa nje unakuta wa mapishi, na ndani ya mapishi kuna wa viungo.

"Jignesh, umenakili mpaka ndani?" Falguni alimuuliza asubuhi ya kuzindua tovuti.

"Dada, kopi ni kopi."

"Sikuuliza hivyo. Mpaka kwenye viungo?"

"Dada nawe! Tazama." Akabonyeza. Jina la mteja likabadilika, anwani ikabadilika, na ile ya asili imetulia kama maji ya mtungini. "Umeona? Wewe ungekuwa daktari ungempima homa hata maiti."

Wenzao wakaangua kicheko. Falguni akashusha pumzi. Angefungua mwenyewe hadi ndani, lakini mwenye kampuni ya chakula alikuwa kwenye simu akifoka, na ukurasa ulikuwa mzuri kweli. Akaupitisha.

Haukupita muda, Bwana Sengupta, Mbengali asiyejua kula bila saumu, akajiandikisha. Akagusa kitufe: saumu, tele. Kitufe kikacheka. Huko jikoni wapishi wakaona kila mteja anadai saumu tele. Wakashangaa, lakini oda ni oda.

Mchana simu ya Falguni ikalia.

"Falguni, mmechoka kunilisha au mmechoka kuniona?"

"Ba! Kuna nini?"

"Dengu inanuka saumu mpaka kwa jirani."

"Umekula, Ba?"

Simu ikakatwa.

Falguni alimvuta Jignesh mbele ya kompyuta. "Mkebe wa nje?"

"Mpya, dada."

"Wa mapishi?"

Jignesh akabonyeza, akachungulia. "Ule ule."

"Na wa viungo?"

"Ule ule. Wa… wa wote."

"Yaani umempa kila mtu mkebe wake, halafu ndani wote wanachovya kwenye bakuli moja! Sengupta katia saumu, Paldi nzima inanuka!"

"Lakini kwa nje ilionekana…"

"Nje! Nje! Hata kaburi linapakwa chokaa nje!"

Akaketi mwenyewe, akanakili kila mkebe ulio njiani mpaka kwenye viungo, ndipo akachanganya. Kisha akaenda nyumbani kama anayekwenda kusomewa hukumu.

Ba alikuwa kwenye bembea yake ya sebuleni, mkebe wake wa ngazi tatu miguuni.

"Nilifungua kifuniko cha kwanza, chapati safi. Cha pili, wali mweupe kama hariri. Nikasema, mkamwana wangu ana kazi ya maana. Nikafungua cha tatu, nikanusa." Akakunja pua. "Sikuonja."

"Aliandika Jignesh, Ba, kijana wetu wa kupamba milango tu. Mimi nikapitisha kwa kutazama juu juu. Basi narudi jikoni."

Bembea ikasimama. "Jikoni? Nirudie ile bamia yako? Heri saumu!" Neno la Ba halina rufaa, ila tumbo lake lina masikio. "Kazini nenda. Ila huyo mtu wa milango aje Jumapili aoshe mikebe yangu."

Jumapili Jignesh akaja, akaisugua mikebe kwa nje mpaka akajiona uso. Ba akaitazama, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kisha akafungua mmoja na kupitisha kidole ndani. Kikatoka kina mafuta. Akampaka Jignesh puani.

"Nyumba njema si mlango, mwanangu, fungua uingie ndani."